Jahazi Kuukuu na Mnunuzi Wake

Katika miji mikubwa ya dunia kuna watu wapendao motokaa za kale za fahari. Mtu wa namna hii akisikia kwamba mahali fulani yauzwa Rolls-Royce iliyoundwa kabla yeye hajazaliwa, hufunga safari kwenda kuitazama. Haridhiki na mng'ao wa rangi. Huinama akachungulia chini kutafuta kutu, hufungua mlango na kuufunga apate kusikia mlio wake, huwasha mtambo akautegea sikio, na aghalabu huja na fundi wake, kwa kuwa mwenye kuuza huonyesha uzuri na mwenye kununua hutafuta aibu. Mji wa Lamu haukujengwa kwa motokaa. Njia zake za kale ni nyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kumpisha mwenziwe. Walakini tamaa ya kununua kitu kikuukuu cha fahari, pamoja na hofu ya kudanganyika katika ununuzi huo, watu wa Lamu waliijua tangu zamani sana. Kitu chenyewe kilikuwa jahazi.

Nakusudia kueleza katika insha hii jinsi jahazi kuukuu lilivyokaguliwa katika visiwa vya Lamu kabla fedha hazijatolewa. Yaweza kudhaniwa kuwa habari hii ni ya mafundi na manahodha peke yao. Mimi naiona kuwa ni habari ya historia, maana mahali mnunuzi alipoweka mkono wake palibadilika kwa kadiri vyombo vilivyobadilika, na vyombo vilibadilika kwa kadiri biashara ya bahari ilivyobadilika.

Tuanze na haja yenyewe. Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu ni visiwa vilivyotengwa na bara kwa mikono ya bahari iliyojaa mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika pwani hiyo. Miti hiyo ilikatwa ikawa boriti, ikahesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, ikapakiwa vyomboni kwenda Mombasa, Arabuni na Ghuba ya Uajemi, katika nchi za mchanga zisizo na mti wa kuezekea nyumba. (Msomaji aliyeingia nyumba ya kale ya Lamu na kushangaa kwa nini vyumba vyake ni virefu na vyembamba ajue kwamba upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti.) Chokaa, makuti, samaki wakavu na nafaka vilisafiri kwa njia hiyo hiyo ya bahari. Mtu asiye na chombo alilipa nauli. Mwenye chombo alipokea. Baada ya gharama za safari kutolewa, mapato yaligawanywa kati ya chombo na mabaharia, na sehemu ya chombo ilikuwa ya mwenyewe hata kama amelala nyumbani kwake. Haikuwa ajabu, basi, kwamba jahazi lilihesabiwa kuwa mali kuliko shamba, na kwamba ndugu wawili au watatu walichanganya akiba zao ili walipate.

Kuunda jahazi jipya kulikuwa kazi ya miezi mingi na fedha nyingi. Ulitakiwa mti mmoja mrefu ulionyoka kwa mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wa chombo. Yalitakiwa mataruma, yaani mbavu zake, na hayo hayakukatwa katika mti wowote, bali yalitafutwa katika matawi yaliyopindika yenyewe msituni, ili ubao usikatwe kinyume cha nyuzi zake ukapoteza nguvu. Zilitakiwa mbao za mbambakofi au za mti mwingine mgumu, na mwenye uwezo aliagiza msaji kutoka Bara Hindi. Mafundi wa Matondoni, Faza na Kizingitini hawakuwa na picha iliyochorwa juu ya karatasi. Waliunda kwa jicho, kwa kamba na kwa ukumbusho wa vyombo walivyoviunda kwanza. Chombo kilichoundwa hivyo, kikitunzwa, kiliweza kuishi kuliko mwenyewe. Kwa hiyo majahazi yalipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kwa urithi, kwa deni au kwa kuuzwa, na mtu wa mali ya wastani aliyetaka kuwa mwenye chombo aghalabu alinunua kuukuu.

Lakini hapo kale hapakuwa na jahazi la misumari. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kiyunani habari za safari za bahari hii alitaja vyombo vilivyoshonwa katika pwani yetu. Vasco da Gama na watu wake walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliviona pia, mbao zake zikiwa zimeungwa kwa kamba pasipo msumari. Chombo kilichodumu kwa desturi hiyo katika visiwa vya Lamu na vya Wabajuni ni mtepe. Kamba zake zilikuwa za makumbi ya mnazi, tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne, na omo yake ilinyoshwa mbele kama shingo ya ngamia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ilikuwa ingalipo, ikichukua boriti. Leo mwanafunzi aweza kuuona mfano wake mdogo katika nyumba ya makumbusho ya Lamu.

Mnunuzi wa mtepe alikagua nini? Hakuitazama sana mbao. Aliitazama kamba. Ubao wa mtepe ulitobolewa matundu, kamba ikapitishwa na kukazwa, kisha tundu likazibwa kwa kijiti. Maji ya chumvi na msuguano wa mbao huila kamba pole pole, na hapana rangi iwezayo kuifufua. Mtepe ulihitaji kushonwa upya mara kwa mara, na hata mtepe mzima ulivuja kiasi cha kuwafanya mabaharia wafue maji mchana na usiku. Kwa hiyo swali la mnunuzi halikuwa kama chombo kinavuja. Alitaka kujua kilishonwa lini, na nani alikishona. Ubora wa mtepe ulikuwa mahali pengine. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza sababu ya watu wa bahari hii kushona vyombo vyao: bahari ina miamba, na chombo cha misumari kikipiga mwamba huvunjika, bali kilichoshonwa hulegea kidogo kikapona. Mtu aliyewahi kupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, wakati maji yanapopungua, hataona neno hilo kuwa ni hadithi tu.

Msumari uliushinda mtepe hata hivyo. Chombo cha misumari kiliweza kuwa kikubwa zaidi, kilichukua tanga pana la nguo, tena hakikutaka kushonwa kila mara. Nguo yenyewe ilipatikana kwa wingi katika karne ya 19, baada ya Wamarekani kufanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na hata leo jina la merikani limebaki katika lugha yetu. Pamoja na msumari ukaja ugonjwa mpya, nao ukadai elimu mpya ya kukagua. Hapo ndipo hasa habari yangu inapoanza.

Mnunuzi mwenye busara hakulitazama jahazi likielea. Jahazi likielea huonyesha sehemu zake njema tu: ile omo iliyosimama wima, ambayo ndiyo alama ya jahazi la Lamu kwa kuwa la Unguja lina omo iliyolala, yale macho mawili ya mbao yaliyopakwa rangi pande mbili za omo, mikeka ya makuti iliyofungwa ubavuni kuzuia mawimbi. Mambo hayo huvutia moyo, na moyo uliovutwa haukagui. Alingoja bamvua, wakati maji yajapo sana na kupwa sana. Maji yalipojaa jahazi lilisogezwa pwani, na yalipokupwa likabaki juu ya mchanga, likaegemezwa kwa nguzo ziitwazo magadi lisilale ubavu. Tangu hapo alikuwa na saa chache kabla ya maji kurudi. Muda huo mfupi ulikuwa wenyewe ni mtihani, maana muuzaji mwerevu aliweza kuupoteza kwa kahawa na maongezi.

Jambo la kwanza lilifanywa kwa mbali. Mnunuzi alisimama nyuma ya tezi, akafumba jicho moja, akautazama mkuku hadi omo. Chombo kilichobeba mizigo mizito miaka mingi, au kilichopwelewa mara kwa mara juu ya fungu lisilo sawa, hupinda mgongo: katikati huinuka, ncha mbili zikainama. Mkuku uliopinda haunyoshwi. Waweza kubadili ubao, waweza kubadili taruma, waweza kusimamisha mlingoti mwingine wa mtondoo, lakini mwenye kubadili mkuku ameunda chombo kipya. Wengine hawakuliamini jicho, wakafunga uzi kutoka mwisho hadi mwisho na kutazama mahali ulipoachana na mti. Jahazi likionekana kuwa na aibu hiyo, wengi walivaa viatu vyao wakarudi nyumbani pasipo kutazama jambo la pili.

Kisha aliukaribia ubavu, na hapa ilibidi kupigana na deheni. Deheni ni mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa unaopakwa sehemu ya chombo ikaayo chini ya maji. Kabla ya kupaka, mabaharia huwasha makuti makavu chini ya chombo na kupitisha ndimi za moto juu ya mbao, ili kuua wadudu na kukausha; kisha deheni hupakwa kwa mikono, chombo kikawa cheupe kama sahani. Ni kazi njema na ya lazima. Lakini deheni iliyopakwa jana hufunika kila kitu. Kwa sababu hii mnunuzi aliomba ruhusa ya kuikwangua mahali atakapochagua mwenyewe. Muuzaji aliyesema, "Kwangua utakapo," alikuwa amekwisha kupunguza nusu ya shaka. Aliyesema, "Hapa, kwangua hapa," alikuwa ameiongeza.

Kilichotafutwa chini ya deheni ni adui asiyeonekana. Katika bahari za joto yumo kiumbe alaye mbao za vyombo. Umbo lake ni kama la mnyoo, lakini kwa ukoo ni ndugu wa chaza na kombe. Ana magamba mawili madogo kichwani, nayo ndiyo keke yake ya kutobolea. Huingia ubaoni angali mchanga, kwa tundu dogo kama ncha ya sindano. Akiisha kuingia hukua humo humo, akachimba njia yake kufuata nyuzi za mti na kuipaka chokaa ndani, wala hatoki tena. Basi ubao waweza kuwa mzima kwa nje na kwa ndani ukawa kama sega la nyuki. Macho hayafai kitu hapa. Fundi alitwaa nyundo ndogo, au mpini wa kisu, akagonga ubao mmoja baada ya mwingine akisikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu ya juu. Mti ulioliwa hujibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejifunika shuka. Nimewahi kutazama kazi hiyo Matondoni. Fundi alikuwa amefumba macho, na watoto waliokuwa wakicheza karibu walinyamaza pasipo kuambiwa.

Halafu misumari. Nimesema ya kuwa msumari ulileta ugonjwa wake. Chuma kikikaa ndani ya mti wenye maji ya chumvi hushika kutu. Kutu huvimba na kuupasua mti, na mti unaozunguka msumari hugeuka mweusi na laini. Mafundi wetu walijua hivyo, na ndiyo sababu walitoboa tundu kwanza kwa keke na kuuzungushia msumari pamba yenye mafuta kabla ya kuugongomea. Lakini dawa hii huchelewesha tu. Mnunuzi alitafuta michirizi myekundu iliyoshuka chini ya vichwa vya misumari. Michirizi michache ni uzee wa kawaida. Ikiwa imejipanga mstari mmoja kufuata taruma, maana yake ni kwamba taruma lile halishikwi tena na kitu, na ubao umesimama hapo kwa mazoea. Mtepe haukuwa na aibu hii kabisa. Ndivyo ilivyo, kila ufundi mpya huja na namna yake ya kuoza.

Sehemu iliyokaguliwa kidogo na wanunuzi wageni, nayo ni sehemu yenye hatari kuu, ilikuwa ndani. Watu wasio wa pwani hudhani ya kuwa adui wa chombo ni maji ya bahari. Kwa kweli chumvi huuhifadhi mti. Maji yanayoozesha ni ya mvua. Huanguka juu ya sitaha wakati wa masika, hupita katika mianya, hutulia mahali pasipofikiwa na upepo wala jua: nyuma ya omo, chini ya tezi, na mahali mlingoti unaposimama. Kwa hiyo fundi alitambaa hadi ngama, yaani shimoni chini kabisa ambako maji ya ndani hukusanyika, akiwa na kisu. Alichoma kisu katika taruma lililo chini ya mlingoti. Kisu kikiingia kwa shida, vyema. Kikiingia kama katika papai, alitoka nje akanawa mikono na kuomba kahawa, na wenye kumjua walifahamu.

Hapana budi niseme neno juu ya maji ya siku ya kwanza, kwa sababu vijana wengi walikosea hapo. Jahazi lililokaa juu ya mchanga muda mrefu hukauka, mbao zake zikajikunja na mianya ikafunguka. Likirudishwa majini huvuja sana, hata mtu akaona kuwa ametupa mali yake. Lakini mbao zikinywa maji huvimba na kubanana. Mnunuzi mzoefu hakuhukumu siku ya kwanza. Alilala chomboni usiku wa tatu, akafua maji wakati wa jua kuchwa kwa kata yake mwenyewe, akafua tena alfajiri akihesabu. Tena alilala yeye mwenyewe au ndugu yake, wala hakumwachia baharia wa muuzaji, kwa kuwa kata chache zilizofuliwa gizani hubadili hesabu yote.

Katika mambo haya sheria nayo ilikuwa na sauti. Watu wa Lamu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na katika fiqhi ya uuzaji mwenye kuuza kitu analazimika kuitaja aibu aijuayo, na mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kununua, naye hakuijua, ana hiari ya kukirudisha kitu. Hukumu hiyo ni ya haki, ila ni ngumu kuitumia kwa jahazi. Chombo hakikai kama nguo dukani. Mwezi mmoja baharini huweza kuleta kasoro mpya, na nani athibitishe ya kuwa taruma lilikuwa limeoza kabla ya mauzo? Ndiyo maana fundi asiye wa upande wowote alikuwa mtu wa maana sana. Neno lake lilikuwa ushahidi, na heshima yake katika kijiji ilisimama au kuanguka pamoja na neno hilo.

Mzee mmoja wa Kizingitini, aliyekuwa nahodha zamani, alinihadithia habari ya babaye. Baba huyo aliuza minazi yake yote ili anunue jahazi la mtu wa jamaa yake wa mbali. Lilikuwa chombo kizuri, lenye mchongo wa maua katika tezi na jina lililoandikwa kwa rangi ya kijani kibichi. Mapatano yalikwisha kufanywa. Yalibaki macho ya fundi tu. Fundi alikagua tangu maji kupwa hata yalipoanza kuyafikia magadi. Mwenye kuuza alikuwa amesimama pale pale, na adabu ilimkataza fundi kuitaja aibu ya chombo cha mtu mbele ya uso wake. Akamwambia mnunuzi, "Nahodha, ukilitaka litwae. Mimi mwanangu simpandishi humo."

Baba yule alirudi nyumbani na fedha zake, hana minazi wala jahazi. Mzee alisema kwamba mama yake hakusema neno siku mbili. Baada ya miezi michache mtu mwingine wa kisiwa cha Pate akalinunua jahazi lile lile, na kwa miaka tisa lilipita mbele yao kwenda na kurudi Mombasa, limejaa boriti, lile jina la kijani likionekana kwa mbali. Kila lilipopita watu walimkumbusha baba yule. Naye akamchukia fundi kimoyomoyo. Siku moja walikutana msikitini, akamwuliza, "Ami, jahazi lile ulilonikataza mbona halizami?" Fundi akamjibu, "Wewe ulitaka kulipakia juma lile lile. Yeye aliniita, akanipa miezi miwili, nikamtolea mataruma saba. Alikuwa amezikata fedha za mataruma katika bei."

Naipenda habari hii kwa sababu yaonyesha jambo ambalo hata wajuzi hulisahau: fundi hakuulizwa kama chombo ni kizima, kwa kuwa chombo kuukuu hakiwi kizima. Aliulizwa kasoro zake ni ngapi, zipi zatengenezeka, na gharama yake ni nini. Baba wa mzee yule alikuwa na fedha za kununua jahazi, lakini hakuwa na fedha za kulinunua na kulitengeneza, naye hakumweleza fundi hesabu hiyo. Ikiwa alikosea, alikosea nyumbani kwake kabla hajafika pwani.

Mambo yaliyofuata naweza kuyapitia upesi. Mtaalamu wa Kiholanzi, A.H.J. Prins, alipotoa mwaka 1965 kitabu chake juu ya ubaharia wa Lamu, matanga bado yalikuwa mengi, ingawa meli na malori yalikuwa yamekwisha kunyang'anya sehemu kubwa ya shehena. Baadaye serikali ya Kenya ilikataza kusafirisha boriti ng'ambo ili kuihifadhi mikoko, na biashara iliyoyalisha majahazi makubwa ikakatika. Ikaja mashine ya dizeli. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya tanga, kikavutwa na upepo, sasa kilitikiswa kutoka ndani saa zote za safari, na mtikiso huo ulilegeza misumari na kutoa pamba katika mianya. Mnunuzi akajifunza tena mahali pa kuweka mkono: upande wa tezi, kuzunguka tundu lipitalo chuma cha rafadha. Mara ya kwanza mkono ulikuwa juu ya kamba, mara ya pili juu ya msumari, na sasa umefika hapo.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, upande wa bara, lilifunguliwa mwaka 2021 kwa meli kubwa zisizojua kupwelewa. Majahazi yaliyobaki huchukua mchanga, mawe na vifaa vya ujenzi, au watalii wapendao kutazama jua likichwa. Mafundi wa Matondoni wangali wanaunda na kutengeneza, na hugonga mbao kwa nyundo kama zamani.

Lakini jahazi lililokufa kabisa limepata mnunuzi wa namna mpya. Mbao zake hung'olewa, zikapelekwa kwa maseremala wa mjini, zikageuzwa kuwa meza, viti, na fremu za vioo na picha. Mnunuzi huyu naye hukagua. Huinama akapitisha kidole juu ya matundu ya misumari, akatafuta weusi wa kutu na njia za yule kiumbe alaye mbao, na asipoviona huuliza kama kweli ubao huu ulitoka chomboni. Seremala humhakikishia. Pale kutu ilipozidi, na ubao ulipoliwa zaidi, ndipo bei inapopanda.